Mji Usio na Mwenyeji

Mke mwenzangu, nakuonya kabla hujajua hata kuketi: siku utakapopita katika mji ule wa vioo, usisubiri kuambiwa karibu. Hakuna wa kukwambia. Mimi bibi yako nilisubiri, nikasimama nusu ya usiku mbele ya viti mia tatu, na nusu ya pili nikakaribia kwenda safari isiyokuwa yangu. Katikati ya nusu hizo mbili nilicheka kuliko nilivyocheka siku ya harusi ya mama yako, kwa hiyo usidhani nakutisha. Kutisha ni kazi ya babu yako, mume wetu, ambaye aliniaga kwa maneno haya: "Ukilala utaachwa, ukila vya watu utaumwa, ukiongea na mtu utaibiwa." Nimeishi naye miaka thelathini na moja, sijapata kusikia neno lake lililo na mwisho mwema.

Nilikuwa nakuja kwako. Wewe ulikuwa bado tumboni, na mama yako Tunu alikuwa nchi ya baridi ambako mumewe alipata kazi. Kwetu mzazi wa kwanza halelewi na mtu baki. Mama yangu alinikanda mimi kwa maji ya moto siku arobaini, bibi alimkanda mama, na aliyeanza hatumjui. Kwa hiyo Tunu alipopiga simu akasema, "Mama, daktari anasema wakati wowote, uje," sikuuliza ni mbali kiasi gani. Nilifunga mkoba: pilipili manga ya uji, tangawizi, mkaja wa kumfunga tumbo, kopo zima la visheti, na doti moja ya kanga mpya ambayo haijapata maji. Ndege ya kwanza ilinitua katika mji ule magharibi. Ya pili ingeniondoa alfajiri. Nikiikosa hiyo, waliniambia, inayofuata ni baada ya siku tatu. Siku tatu! Na wewe ulishaanza kubisha hodi.

Mji wenyewe sijui niuelezeje. Wote uko ndani ya nyumba moja, na nyumba hiyo haina nje. Una barabara zinazotembea zenyewe, mtu anasimama tu na anafika. Una maduka yasiyofungwa na taa zisizozimwa. Hauna udongo hata wa kujaza kiganja, hauna jogoo, hauna mtu wa kukuuliza watoto hawajambo. Watu wake wote wanapita. Nilitafuta mmoja tu aliyezaliwa pale, nikamkosa. Nikatafuta kaburi moja, nikalikosa. Nikajiuliza: mji usio na aliyezaliwa wala aliyezikwa, je, upo? Au ni pale dunia inaposhika pumzi kabla ya kusema neno la pili? Ukutani walitundika safu ya saa, na kila moja ilisema lake, kama mawifi. Hii ni jana, ile ni kesho, ya katikati imesimama. Saa ya babu yako, aliyonifunga mkononi kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi, inafuata hesabu ya kwetu: jua likitoka, huanza moja. Lakini jua halikuwepo, wala giza halikuwepo, basi hata saa ile ya mume wetu, ambaye hakubali kushindwa, ikawa inakisia.

Na darini kulikuwa na sauti ya mwanamke. Ilitaja majina, na waliotajwa waliinuka wakakimbia. Hakuna aliyeuliza sauti ni ya nani. Mimi nimewaona wakubwa wengi maishani, mwenyekiti wa mtaa, mwalimu mkuu, shehe, na wote ukiwavizia vizuri utawakuta wanakula au wanakohoa. Sauti ile haikukohoa. Nikaiogopa.

Sasa sikia kosa langu. Nimelelewa hivi: nyumba ya watu hukai mpaka uambiwe karibu, kaa. Hata miguu ikivimba. Mama alikuwa akisema, anayejikalisha mwenyewe huondoka bila msindikizaji. Viti vilikuwepo, safu kwa safu, vyeupe, vitupu. Nikasimama pembeni na mkoba wangu begani, nikisubiri mwenyewe atokee. Watu wakaja wakajitupa, wakavua viatu, wakakoroma. Nikawahurumia, nikasema, hawa hawakufunzwa. Nikaendelea kusimama.

Mimi nani. Mama Tunu. Tunu hayupo. Basi mimi nani. Mke wa fulani. Fulani hayupo. Mwantumu binti Shomari, imeandikwa katika paspoti. Paspoti imo mkobani. Mkoba uko begani. Bega ni la nani.

Akaja mlinzi, mwanamume mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, kifuani ameandikwa KIZITO. Sijui tulizungumza kwa lugha gani. Mimi nilisema yangu, akanijibu, na hakuna aliyeshangaa.

"Mama, mbona umesimama? Unaumwa?"

"Siumwi, baba. Namsubiri mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye hapa. Anikaribishe nikae."

Akavua kofia, akajikuna, akaivaa tena. "Mwenye hapa... Mama, mimi nimepangiwa zamu tu."

"Na aliyekupangia?"

"Naye yuko zamu."

"Na huyo anayetuita huko juu?"

"Yule?" Akacheka kidogo, akitazama dari kama mtoto anayemsengenya mwalimu. "Yule alisema mara moja tu, zamani sana, wakahifadhi sauti. Nasikia hata yeye alikuwa abiria."

"Na funguo hizi zote?"

Akazishika, akazitikisa. "Hizi nilikabidhiwa. Mlango wake bado sijauona."

Akaenda zake akilia kama njuga, nami nikabaki nikiwaza. Kumbe unaweza kushika funguo miaka yote na usiwe na mlango. Kumbe ile sauti tunayoikimbilia ni ya mtu aliyesimama hapa hapa, mguu umemuuma hapa hapa, kisha akapita. Sote tunamtii mpitaji mwenzetu aliyeacha sauti nyuma. Nilipolifikia wazo hilo nikataka kuogopa, kwa sababu kuogopa nimezoea, lakini kicheko ndicho kilichokuja, nikakifunika kwa upindo wa kanga.

Ndipo nikamwona. Upande wa pili wa ukumbi, chini ya saa iliyosimama, bibi mmoja mzee, mkoba mweusi kama wangu, mgongo umepinda, amesimama mbele ya viti hamsini vitupu. Nikajua papo hapo. Mtu mwenye miguu iliyovimba anayesimama mbele ya viti hamsini, huyo ni wa kwetu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umesimama tangu lini?"

"Tangu magharibi."

"Ala! Wewe umekuja sasa hivi. Mimi nilikuja nikiwa na meno."

Tukacheka. Akaniambia jina lake Kidawa. Nikamwambia mimi Mama Tunu.

"Huyo Tunu sikumuuliza. Wewe?"

"Mwantumu." Lilitoka kama nguo iliyokaa muda mrefu sandukuni, limekunjamana lakini rangi ipo.

"Basi, Mwantumu, unakwenda wapi?"

"Naenda kulea mzazi. Mwanangu anajifungua. Ndege yangu alfajiri, na nikiachwa atazaa katikati ya wageni. Na wewe, bibi?"

"Mimi naenda zangu," akasema, kwa raha, kama mtu anayesema anakwenda kuoga. Sikumdadisi.

"Bibi Kidawa, wewe umenitangulia. Aliyetangulia ndiye mwenyeji. Hebu nikaribishe nikae, miguu inaniua."

"We! Nikukaribishe kwa nani? Mwenyewe akija akiuliza nani kawapa viti?"

"Mwenyewe hayupo. Nimeuliza."

"Hayupo leo, au hayupo kabisa?"

Mke mwenzangu, kuna maswali ambayo msomi huyapata chuoni akiwa na kiti. Mimi nililipata hilo nikiwa nimesimama, na elimu yangu ya darasa la saba, na tumbo likinguruma. Hayupo leo, au hayupo kabisa? Kama hayupo leo, tusubiri, nidhamu haijamwua mtu. Kama hayupo kabisa, basi kila mtu katika mji huu amesimama, hata wale wanaokoroma. Wamelala huku wamesimama ndani. Nikafikiri, pengine mahali hapawi mahali mpaka mtu mmoja amwambie mwingine karibu. Kabla ya hapo ni sakafu tu. Pengine mwenyeji hazaliwi, wala hateuliwi na wizara, wala hakabidhiwi funguo. Pengine ni yule mmoja tu ambaye uchovu wake umeishinda aibu yake.

Nikafungua mkoba. Pilipili manga ikanipigisha chafya tatu, kama ilivyonipigisha tangu nyumbani kila nilipoufungua. Nikatoa doti, nikaipasua katikati kwa meno, kipande kimoja nikakirudisha, kimoja nikakitandika sakafuni. Kilikuwa chekundu, kimeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Moyo ulinidunda kama ninayeiba.

"Bibi Kidawa, karibu."

"Wapi?"

"Kwangu."

Akaitazama kanga, akayasoma maandishi yake herufi kwa herufi. Akavua ndara. Akainama, niliona kabisa anainama, kama anayepita chini ya paa fupi, akaingia, akakaa. Akashusha pumzi ambayo nadhani aliishika tangu enzi za meno yake. Nami nikakaa. Lo! Kukaa, mke mwenzangu! Wewe utakaa kila siku usijue ni nini. Mifupa yangu ilisema alhamdulillahi mmoja mmoja.

Nikafungua kopo la visheti, na harufu ya iliki ikatoka ikatembea. Ilipita juu ya waliolala, ikawagusa pua. Mwanamke aliyekuwa anadeki akaegemeza dekio lake kwenye ndoo, akauliza kuna nini. Nikamwambia karibu. Mtu mmoja mwenye tai, aliyekuwa amelalia viatu vyake ili visiibiwe, akaamka na alama ya soli shavuni. Karibu. Kizito akaja na njuga zake akasema, "Mama, hairuhusiwi kutandika vitu hapa," nikamwambia karibu, akatazama kushoto, akatazama kulia, akavua kofia, akakaa akisema, "Basi kimoja tu." Alikula tisa.

"Jamani, hiki mmeweka nini ndani?" yule wa tai akauliza.

"Kula, baba. Chakula hakihojiwi," Bi Kidawa akamjibu, naye akiwa amekilowesha chake katika kikombe cha maji ili ufizi ukiweze.

"Bibi, wewe na huyu ni ndugu?"

"Tangu saa ile pale," akasema, akainyoshea kidole saa iliyosimama, na watu wakaangua kicheko.

Wakaongezeka. Kanga ni kanga, upana wake unaujua, lakini usiku ule haikujaa. Kila aliyekaa alisogea kidogo, na kila aliyesogea palipatikana nafasi ya wawili. Wakaanza kunieleza: huyu ameacha mke, huyu amefuata mke, huyu hakumbuki kama anakwenda au anarudi. Nikawasikiliza wote, nikawapa pole, nikawapa visheti. Na darini sauti ikaita mara moja, ikaita mara mbili, na hakuna aliyekimbia. Kwa mara ya kwanza nikaisikia ikikohoa. Naapa.

Hapa nakuonya tena. Nilinogewa. Nilianza kusema, wewe vua viatu, wakavua. Wewe sogea, wakasogea. Wewe usikorome hapa, akaacha kukoroma, na hata hakuwa ameamka. Nilikuwa mwanamke ninayeomba ruhusa ya kukohoa nyumbani kwangu, na sasa watu wazima wanatazama uso wangu wajue wacheke au wanyamaze. Nani alinipa? Hakuna. Nilitandika nguo tu. Nikaelewa wenye vyeo wanavyoanza: hawaanzi kwa ubaya, huanza kwa visheti. Tena ukishakuwa mwenyeji, unasahau jambo moja dogo, kwamba na wewe ni mgeni. Saa ya mume wetu ilikuwa inagonga mkononi mwangu na sikuitazama. Sikukukumbuka. Nakiri. Kwa muda ambao siwezi kuupima, wewe na mama yako mlikuwa wawili tu, nami nilikuwa malkia wa kipande cha kitambaa.

Sauti ndiyo iliyonirudisha. "Kidawa," ikasema. "Abiria Kidawa."

Bi Kidawa akajifuta makombo. "Wananitaka."

Wewe wajua, au utajua: kwetu mgeni hatoki peke yake. Unachukua mzigo wake, unamtoa mpaka njia panda. Na yeye akiwa na adabu, anakwambia, nawe utarudije peke yako? Anachukua mzigo wako, anakurudisha. Nawe ukiwa na adabu, unamtoa tena. Mimi na rafiki yangu Mwanamvua tumewahi kusindikizana hivyo kutoka alasiri mpaka mumewe akaja na tochi kuamua ugomvi. Basi nikamwachia kanga mwanamke wa dekio, nikachukua mkoba wa Bi Kidawa, yeye akachukua wangu, tukatoka.

Njia ilikuwa ndefu, vioo huku na huku, na katika kila kioo walikwenda wanawake wawili. Tukafika karibu na mlango wake, mdogo, mwisho kabisa wa njia.

"Haya, bibi, nikuage."

"Wewe urudi peke yako njia yote hii? Watasema nini? Twende nikurudishe."

Akanirudisha mpaka karibu na mlango wangu, mwisho wa upande wa pili.

"Haya, Mwantumu."

"Dada, siwezi kukuacha hivi. Twende nikutoe."

Nilisikia nimemwita dada, nikamtazama. Kweli mgongo wake ulikuwa umenyooka. Tukaenda tukicheka mpaka mbavu zinauma. Safari ya tatu alikuwa na meno, na akanisimulia mambo ya utoto wake ambayo yalikuwa ya utoto wangu: shimo la takataka nyuma ya shule, mwalimu aliyelala darasani. Safari ya nne akanishika mkono, akaniambia, "Mama, usiende haraka." Akaniita mimi mama. Na mimi, katika kioo, nilikuwa sijui sura ipi ni yangu. Nikitabasamu, anatabasamu mwingine. Haikunisumbua. Nilikuwa mwepesi kama niliyetua mtungi. Nani anasindikiza, nani anasindikizwa? Nikaona pengine dunia yote ni hiyo, watu wawili njiani, kila mmoja akikataa mwenzake arudi peke yake.

Kisha sauti ikatuita wote wawili kwa mpigo. Abiria Kidawa. Abiria Mwantumu. Mwito wa mwisho.

Tukashtuka kama watoto waliofumaniwa. "Naishia hapa!" nikasema. "Naishia hapa!" akasema. Kila mmoja akageuka, akakimbia. Na kila mmoja, mke mwenzangu, alikuwa na mkoba wa mwenzake begani, kwa sababu ya adabu.

Nikapapasa mfuko wa nje wa mkoba, nikatoa kadi ya kupandia. Miwani sikuiona. Namba niliweza kuisoma kwa kuinyoosha mbali, na kwa kuwa safari zile zilishanichanganya upande upi ni wangu, nikaifuata. Nilikimbia kwa uchungu wote wa mama, nikisema, Tunu, nakuja, mwanangu, usisukume bado, nakuja. Nikafika. Hapakuwa na foleni. Mlango mdogo, upepo baridi mzuri, harufu ya udi. Na ndani alikuwako mtu, sikumwona uso, akasema kwa upole:

"Karibu. Kaa."

Nielewe. Usiku mzima nilikuwa nimelisubiri neno hilo. Katika mji mzima wa vioo, mlango mmoja tu ulikuwa na mwenyeji, na ulikuwa huo. Miguu yangu ilitaka. Si kwa huzuni, mjukuu wangu, kwa raha. Ilitaka kama mtu anavyotaka kitanda chake. Nikanyanyua mguu wa kulia. Nikafungua mkoba nitoe paspoti.

Sikupiga chafya.

Mguu ukabaki hewani. Mkoba wangu lazima unipigishe chafya. Nikaingiza mkono: nguo nyeupe, mpya, imekunjwa vizuri, pamba, karafuu maiti. Hakuna mkaja. Hakuna tangawizi. Nikaambiwa tena, "Karibu, Kidawa," na nikaona wazi kwamba karibu, hata iwe tamu namna gani, si yako mpaka itajwe kwa jina lako.

Nyuma yangu nikasikia mbio za miguu midogo na chafya, chafya, chafya. Msichana wa miaka kama saba anakuja, kanga ya mtu mzima inamburuta, mkoba wangu umemfunika nusu.

"We Mwantumu! Hata safari yangu unaiba? Na huu mkoba wako una nini? Pua yangu haiko!"

"Pilipili manga," nikasema, nikilia na kucheka.

"Nipe changu." Tukabadilishana. Akauweka begani mkoba wa nguo nyeupe kama mtoto anayekwenda shule siku ya kwanza, akaunyoosha mkono nisimfuate. "Hapa ndipo msindikizaji huishia. Kweli safari hii."

"Haya, mama. Nisalimie huko."

"Mimi sikai huko. Naingia kuvua uzee tu, halafu naja." Akakonyeza. "Wewe tangulia. Ukatandike."

Akainama mlangoni vile vile alivyoinama kwenye kanga yangu. Akaingia. Nikasikia anacheka, kisha sikusikia.

Mlango wangu sasa ulikuwa mwisho wa dunia, na saa ya mume wetu ikaanza kulia yenyewe, kazi ambayo haijapata kuifanya. Nikakimbia. Magoti yakakataa. Nikakaa chini katikati ya njia, mzee mzima, nikasema, Tunu, nisamehe, mama yako amesindikiza watu wote akasahau nafsi yake.

"Ndiye yule! Mama wa visheti!"

Ilikuwa sauti ya Kizito. Walikuwa wanakuja wote, funguo zinalia, dekio juu kama bendera, yule wa tai anasukuma toroli la mizigo peku peku. "Mwenyeji wetu anaondoka bila kusindikizwa?" mwanamke wa dekio akafoka. "Tumelelewa wapi sisi?" Wakaninyanyua, wakanikalisha juu ya toroli na mkoba wangu mapajani, wakasukuma. Mtu akapiga kigelegele. Kumbe kigelegele kinajulikana kila mahali, kinangoja tu aanze mmoja. Waliolala wakaamka, wakafuata bila kujua ni harusi au ni nini. Nilipita katika mji ule kama bibi harusi, chafya zinanitoka, machozi yananitoka.

Tulipofika, binti wa mlangoni alikuwa ameshafunga. "Tumefunga, mama. Pole. Mgeni akichelewa hatuna la kufanya."

"Huyu si mgeni," Kizito akasema. "Huyu mwenyeji."

"Mwenyeji wa wapi?"

"Wa hapa."

Binti akacheka. "Hapa hapana mwenyewe, Kizito. Umenifundisha mwenyewe."

"Palikuwa hapana." Akashika kiuno, akahesabu funguo zake polepole, mpaka nikataka kumzaba kofi. Akachagua moja. Akaijaribu. Ikaingia. Hakuna aliyeshtuka kama yeye. Aligeuka akatutazama, midomo wazi, kama mtu aliyeambiwa mkewe amezaa pacha.

Binti akainusa hewa. "Na hivyo visheti mnavyovisema, vimekwisha?" Nikampa vilivyobaki, na kopo lake.

Nilipogeuka kuwaaga, mbali kule ukumbini niliona kanga yangu nyekundu bado imetandikwa. Mtu nisiyemjua alikuwa amekaa juu yake, na mbele yake mwingine amesimama na mizigo, anasita. Yule aliyekaa akasogea. Midomo yake sikuisikia, lakini niliisoma bila miwani.

Ndege ikanileta. Mama yako alikuwa bado anahesabu uchungu, akanishika mkono akauminya mpaka saa ya babu yako ikasimama. Ukaja. Walikuosha, wakakupima, wakasema mzima, lakini ulikuwa unalia, mke mwenzangu, unalia na miguu umeinyoosha wima, magoti hayakunji, na wale wauguzi wakatazamana wasijue unalilia nini. Mimi nilijua. Huo ni mguu wa mtu aliyesimama sana. Nikaufungua mkoba nitoe kile kipande cha pili cha kanga. Ukapiga chafya tatu.

Nikakutandikia mapajani kwangu. Nikakwambia, "Kidawa, karibu. Kaa."

Ukakunja magoti.